Shombo na Uvundo Jikoni: Tafuta Chanzo Kabla ya Kufukiza Udi

Samaki akishapikwa, nyumba nyingi za Mombasa hutia makaa chetezoni, udi ukafukizwa na nyumba ikanukia. Ni desturi nzuri na sina neno nayo. Lakini kwa kazi yangu ya afya ya umma naingia majikoni mengi, na mara kwa mara nakuta udi umefukizwa juu ya uvundo ambao haujaguswa. Baada ya saa moja moshi umekwisha, uvundo umerudi pale pale. Harufu mbaya ni gesi, na gesi hiyo inatoka kwenye kitu kilicholala mahali fulani, kimelowa, kinaoza. Kiondoe kitu hicho, nayo harufu itakoma.

Sisi watu wa pwani tuna kazi kubwa zaidi kuliko wenzetu wa bara. Bakteria wanaoharibu chakula huzaana upesi kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na wakati wa kaskazi jiko la Mombasa hushinda kwenye nyuzi 30 au zaidi, huku hewa imejaa unyevu wa bahari. Makombo ambayo kule Nyahururu kwenye baridi ya bara yangengoja hadi kesho, Kisauni yamechacha kabla ya Isha.

Pua yako inaweza kukuonyesha pa kuanzia. Shombo la samaki hutokana hasa na traimethilamini. Bakteria huitengeneza kutoka kwenye kemikali isiyo na harufu iliyomo katika nyama ya samaki wa baharini, ndiyo maana samaki aliyetoka majini sasa hivi hanuki. Traimethilamini hushindwa na asidi, na hapo bibi zetu walikuwa sahihi kabisa kusugua mikono, kisu na kibao kwa ndimu. Suuza kwanza kwa maji baridi, kwa sababu maji ya moto hugandisha utando wa samaki kwenye kibao, kisha ndimu, kisha sabuni. Harufu ya yai viza ni jambo jingine. Hiyo ni haidrojeni salfaidi, na hutoka mahali ambapo uchafu unaoza bila hewa: ndani ya bomba, chini ya ute mzito, au kwenye tangi la maji taka.

Tuanze na sinki. Watu humwaga dawa katikati ya tundu wakidhani uchafu uko chini sana. Mara nyingi uko karibu mno, unaweza kuufikia kwa kidole: chini ya chujio, kwenye ukingo wa tundu, na ndani ya kile kitundu cha juu kinachozuia sinki isifurike. Kitundu hicho karibu kila mtu hukisahau. Ng'oa chujio, chukua mswaki mkuukuu na sabuni ya vyombo, usugue mpaka ule ute mweusi utoke wote. Nimeona sinki zilizosumbua kwa miezi zikapona kwa kazi hii ya dakika kumi.

Ndani ya bomba, adui mkubwa wa jiko la Mswahili ni mafuta. Mafuta ya nazi huganda kwenye kiasi cha nyuzi 24. Mabaki ya tui la wali au la mbaazi yanaingia yakiwa maji, halafu usiku wa kusi, maji ya bomba yakipoa, yanashika ukutani. Mafuta ya mbuzi huganda hata mchana wa jua kali. Juu ya utando huo hunasa machicha ya nazi, punje za wali na majani ya chai. Na ukiwa unatumia maji ya kisima, kama nyumba nyingi kisiwani, ile chumvi na chokaa ya maji huungana na sabuni ikafanya ukoga unaoongeza unene. Kwa hiyo futa sufuria kwa karatasi kabla ya kuiosha, na machicha yasiingie sinki hata kidogo.

Chini ya sinki kuna bomba lililopinda, ambalo mafundi huliita trapu. Pindo lile si kosa la fundi. Maji yanayobaki ndani yake ndiyo mlango unaozuia gesi ya maji taka isipande jikoni. Uvundo ukizidi, weka ndoo chini yake, ifungue kwa mkono (nyingi za plastiki hazihitaji hata spana), toa tope, isugue nje, uirudishe na mpira wake. Ukiisafisha kwa maji ya moto, yasiwe yanayotokota, maana plastiki hulegea. Na kama ulifunga nyumba wiki kadhaa ukarudi ukakuta inanuka ingawa kila kitu ni safi, yale maji ya trapu yamekauka. Mimina maji kikombe kimoja au viwili, basi. Kabla ya safari nyingine, ongeza kijiko cha mafuta ya kupikia juu ya maji hayo, yatachelewa kukauka.

Naulizwa sana kuhusu siki na bikaboneti ya soda. Vikichanganywa hutoa povu la kupendeza, lakini povu lile ni vitu viwili vinavyouana nguvu. Kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi. Ni afadhali kutumia kimoja kimoja: bikaboneti ilale usiku mzima kunyonya harufu, au siki peke yake kwa shombo na chokaa. Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Jiki, ile dawa ya kung'arishia nguo, isichanganywe kamwe na siki, wala ndimu, wala dawa ya choo yenye asidi. Hutoka gesi ya klorini, ambayo katika jiko dogo la fleti inaweza kumlaza mtu hospitali. Kama jana ulimimina dawa ya kuzibulia bomba na hujui ina nini, leo tumia maji matupu.

Baadhi ya fleti mpya zina mashine ya kusaga mabaki chini ya sinki. Ilibuniwa Marekani mwaka 1927 na John Hammes, na inategemea kitu kimoja ambacho Mombasa si hakika kila siku: maji mengi yanayotiririka. Siku za mgao, mabaki yaliyosagwa hubaki humo yakioza. Kama maji hakuna, usiiwashe. Yakiwepo, fungua maji baridi kabla ya kuiwasha na uyaache yatiririke kiasi cha nusu dakika baada ya kusaga. Maji ya moto huyeyusha mafuta yakaenda kugandia mbele usikoweza kufika. Harufu yake mara nyingi iko chini ya ule mpira mweusi wa mdomoni. Zima umeme ukutani, inua pindo za mpira, usugue upande wa chini. Kisha saga vipande vya barafu na maganda ya ndimu. Barafu hukwangua uchafu, ingawa hainoi kitu, maana ndani hamna visu bali bamba butu. Makumbi, machicha, maganda ya ndizi na mifupa mikubwa visiingie. Na kama nyumba yako inatumia tangi la maji taka, kama sehemu kubwa ya mji huu, jua kuwa mashine hii hulijaza tope mapema.

Ndoo ya taka inahitaji maneno machache tu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, wengi hutupa moja kwa moja ndooni, na plastiki iliyokwaruzwa hushika harufu. Tandika gazeti, nyunyiza majivu yaliyopoa kabisa, osha ndoo na kuianika juani. Sheria ya taka ya mwaka 2022 inataka tutenge taka zinazooza na zile kavu, na faida ya kwanza utaiona jikoni mwako mwenyewe kabla ya lori kufika jaa la Mwakirunge. Taka zinazooza zisikae zaidi ya siku tatu: yai la nzi huanguliwa ndani ya siku moja, na katika joto letu nzi mzima hupatikana kwa siku 7 hadi 10. Matumbo ya samaki na maganda ya kamba yafunge kwenye gazeti uyaweke friza mpaka siku ya kuzolewa. Au mwombe muuzaji akupasulie pale pale sokoni.

Ukifanya yote haya na harufu bado ipo, jaza glasi maji, toka nayo hadi barazani, uinuse. Ikinuka yai viza, tatizo ni kisima. Ikiwa sinki, bafu na choo vinanuka pamoja, tangi limejaa au bomba la kupumulia limeziba. Ita wenye kazi hiyo, na mtu asiingie ndani ya tangi hata kwa dakika moja, maana haidrojeni salfaidi ikizidi huua pua kwanza, halafu mtu.

Kuna harufu moja ambayo si ya taka kabisa. Gesi ya kupikia haina harufu yake yenyewe, hivyo hutiwa kemikali inayonuka kama kabeji iliyooza ili ikivuja tujue. Wengi huweka mtungi kando ya sinki, wakadhani ni bomba. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutulia sakafuni na ndani ya makabati ya chini. Ukiinusa huko, usiwashe kiberiti, usiguse swichi yoyote, wala kuwasha wala kuzima. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toa watoto nje, na simu ya kumwita fundi upige ukiwa umeshatoka.