Kichupa cha dawa hakiwashi pikipiki iliyolala

Pikipiki imekaa bandani tangu mwaka jana, umepiga kiki mpaka goti linauma, haiwaki. Dukani unaambiwa: chukua dawa hii, mimina kwenye tenki, itazibua kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, yenyewe.

Itapitia wapi? Petroli ikikaa miezi, ile sehemu nyepesi inayowaka upesi huruka hewani, na inayobaki hugeuka utomvu. Utomvu huo huziba kwanza jeti ndogo, kipande chenye tundu ndani ya kabureta, inayolisha injini wakati wa kuwasha na kwenye sailensi, yaani injini ikiunguruma bila kuvutwa gesi. Tundu lake halifiki hata nusu milimita. Petroli isipopita hapo, na dawa iliyomo haipiti. Dawa ya kusafisha hufaa injini inayotembea, tena taratibu, tenki baada ya tenki. Iliyogoma kabisa inataka mikono: mwaga petroli ya zamani, fungua bakuli la kabureta, toa jeti, iloweke, ipulize kwa hewa. Usiichokonoe kwa waya. Tundu likipanuka umejinunulia pikipiki inayokunywa mafuta.

Halafu, nani kasema shida ni mafuta? Fungua plagi, ile inayotoa cheche, baada ya kiki kama kumi. Ikitoka kavu, petroli haifiki. Ikitoka imelowa, petroli ipo, tafuta cheche. Kwenye Honda CG125 mwanya wa plagi ni milimita 0.6 hadi 0.7, na wengi hawajawahi kuupima. Koili (inayoipa plagi umeme) iliyokufa au ringi za pistoni zilizokwisha hazina dawa ya chupa.

Utasikia na mengine. “Ongeza oktani, itawaka haraka.” Oktani ni uwezo wa petroli kuvumilia kubanwa bila kujilipukia. Kuwaka haraka hakumo.

“Pikipiki za zamani zinataka petroli yenye madini ya risasi.” Risasi ilipandisha oktani na kulinda viti vya vali, basi. Nchi za kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia 2006, na pikipiki kuukuu zinaendelea kuwaka kila asubuhi.

Dhana inayoniudhi zaidi ni ya kuchanganya mafuta ya taa “kidogo tu, yasafishe”. Mafuta ya taa hushusha oktani, na kwa kuwa hayageuki mvuke upesi, injini baridi huzidi kugoma. Uchakachuaji huo ndio ulioifanya Kenya mwaka 2018 kuweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Na wewe unajichakachulia mwenyewe, bandani kwako.