"Mwanangu, hilo bomba limepasuka?" Dhana potofu kuhusu tromboni ya majaribio

Tulikuwa nyuma ya Kanta, tunasindikiza harusi kutoka Area C kwenda Nkuhungu, vumbi la Agosti limetujaa midomoni. Tuliposimama kwenye mataa nikapuliza tromboni yangu, lile tarumbeta lenye mkono wa kuvuta na kusukuma: noti ya chini, huku naimba nyingine kooni. Zikatoka zote mbili, na ya tatu ikang'ong'a juu yake. Mjomba wa bwana harusi akachungulia dirishani kwenye gari lao: "Mwanangu, hilo bomba limepasuka?"

Halikupasuka. Ila maswali ya aina hiyo nayapata kila ninapowachezea watu kazi za George Lewis wa Chicago, mpiga tromboni na mtunzi ninayemsikiliza kuliko wote. Ngoja niyajibu yale yanayojirudia.

"Anapiga ovyo kwa sababu hajui."

Hili ndilo linaloniudhi zaidi. Lewis alizaliwa 1952, akashika tromboni akiwa na miaka 9. Mwaka 1976 alipiga kwa muda katika orkestra ya jazz ya Count Basie, mahali ambapo ukikosea noti bendi nzima inageuka kukutazama. Mwaka huohuo akarekodi albamu ya tromboni.

Ule mchezo wangu wa kwenye Kanta una wakubwa wake. Mjerumani Albert Mangelsdorff, aliyefariki 2005, alikuwa anapuliza noti moja na kuimba nyingine, na zikikutana vizuri zinazaa nyingine ambazo hakuzipuliza wala kuziimba. Jaribu uone. Koo likiyumba kidogo tu, sauti zinagombana na unabaki na mkoromo. Mimi ilinichukua karibu mwaka mzima kupata moja inayosimama, na majirani wanaujua mwaka huo kuliko mimi.

Wala si uhuni wa juzi. Joe "Tricky Sam" Nanton, aliyeingia bendi ya jazz ya Duke Ellington 1926, aliifanya tromboni iseme kama mtu kwa kutumia kile kipira cha kuzibulia sinki.

"Muziki huo hauandikwi."

Unaandikwa sana tu. Mwaka 1966 Mwitaliano Luciano Berio alitunga Sequenza V kwa ajili ya tromboni moja, na kwenye karatasi ameandika mpigaji aimbe wapi ndani ya chombo na avute pumzi kwa sauti wapi. Lewis naye ametunga hadi opera.

"Kompyuta ndiyo inayompigia."

Watu wanaichanganya programu yake, Voyager, na kinanda cha harusini chenye ngoma za kubonyeza. Voyager, aliyoiunda miaka ya 1980, inamsikiliza anayepiga, inachambua anachopiga, halafu inaamua yenyewe imjibu, imfuate au imwache aende zake. Ndani yake mna "wapigaji" 64, kila mmoja na mwendo wake. Asipokuwepo mtu, inaendelea kupiga peke yake. Kwa hiyo jukwaani Lewis hasindikizwi. Anabishana, na mara nyingine anashindwa ubishi.

"Si yule wa klarineti?"

Hapana. Yule George Lewis alikuwa wa New Orleans na alifariki 1968.

"Hakuna mkate humo."

Lewis alipewa ufadhili wa MacArthur, tuzo kubwa ya fedha ya Marekani kwa wabunifu, 2002, na mwaka 2004 akawa profesa Chuo Kikuu cha Columbia. Lakini nisiwadanganye vijana: wanaofika huko ni wachache mno. Hapa Dodoma chakula kinatoka kwenye matarumbeta ya harusi. Bwana harusi akitaka sebene, unapiga sebene.

"Hayo ni mambo ya Wazungu."

Lewis ni Mmarekani mweusi. Mwaka 1971 alijiunga na AACM, chama kilichoanzishwa 1965 na wanamuziki weusi wa Chicago ili wapige tungo zao wenyewe bila kusubiri ruhusa ya mtu. Historia ya chama hicho aliiandika yeye mwenyewe, kitabu kikatoka 2008.

Na sisi wa Ugogo ndio wa mwisho kusema hivyo. Shika mkono wa tromboni pale pale, usiuvute, kaza midomo tu: sauti zinapanda kwa ngazi yake ya asili. Ya saba inaangukia chini kidogo ya noti ya piano, na kwenye bendi tunafundishwa kuikwepa au kuirekebisha kwa mkono. Waimbaji wa Kigogo wamejenga ngazi yao juu ya sauti hizohizo, na ya saba imo, hawaikwepi. Sikiliza sauti ya Hukwe Zawose, mzaliwa wa mkoa huu aliyefariki 2003, halafu rudi kwenye tromboni.

Ilimba, chombo chetu cha vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, nayo ina matundu yanayozibwa kwa utando wa buibui, ili kila ukigusa chuma kuwe na mlio unaokwaruza pembeni. Utando ukitoboka, mwenye ilimba analalamika kwamba chombo kimekufa, wakati mgeni angesema ndiyo kwanza kimetengemaa.

Krismasi iliyopita nilipeleka tromboni Mvumi, nikampigia bibi ule mchezo wa sauti mbili. Akasikiliza mpaka mwisho, akaomba akishike chombo. Akakigeuza, akaingiza vidole kwenye mdomo wake mpana wa mbele, akapapasa.

"Utando umeuweka wapi?"