Usininunulie Ringi Kabla Sijapima

Kiboksi cha ringi za pistoni, zile pete za chuma zinazoziba kati ya pistoni na silinda, kimekuja tena. Safari hii kimeletwa na mwenye Hilux ya injini ya 3L (hilo ni jina la injini ya dizeli ya Toyota, si lita tatu), pikapu ya kubebea dagaa kutoka Mwaloni Kirumba hapa Mwanza, na maneno yake ni yaleyale ya kila siku: "Fundi, moshi umezidi na oili inakwenda. Ringi hizi hapa, tena orijino. Fungua, badilisha, funga. Jumamosi nataka niwe Nansio." Nikamuuliza, bosi, vipimo vya silinda nani amechukua? Akaniangalia kama nimemuuliza kabila la gari. "Vipimo vya nini tena, fundi? Moshi si unauona?"

Moshi nauona. Nisichokiona ni silinda, na bila kuiona silinda hakuna fundi, awe wa Igogo au wa Japani, anayeweza kukuahidi kwamba ringi mpya zitakusaidia. Naandika mara moja, halafu nitakuwa nawatumia hii kwenye simu badala ya kubishana mchana kutwa huku mikono ina grisi.

Moshi kwanza, harakaharaka. Mweusi ni dizeli nyingi au hewa kidogo. Angalia ea klina na nozeli, usiguse ringi. Mweupe asubuhi unaoisha injini ikipata moto ni dizeli isiyoungua. Mweupe usioisha, huku maji ya rejeta yanapungua, ni gasketi au hedi (kichwa cha injini) iliyopasuka. Wa bluu ndio wa oili. Na hata huo wa bluu hautoki chini peke yake. Gari ikilala, asubuhi ikatoa bluu kwa muda mfupi halafu ikatulia, mshukiwa wangu wa kwanza ni sili za vavu na gaidi zake (vibomba ambamo vavu zinateleza): oili imechuruzika usiku kucha kutoka juu. Ikitulia kwenye tambarare lakini ikafuka inapobeba mzigo kupanda mlima, na ukifungua mfuniko wa oili injini ikiwa inanguruma unapigwa na pumzi ya moto usoni, hapo tunazungumza habari za chini, yaani ringi na silinda.

Kabla ya kushusha chochote napima kompresheni, yaani nguvu ya hewa inayobanwa na pistoni, kwenye matundu ya hita plagi (plagi za kupashia moto silinda). Injini ya 3L ikiwa nzima inasoma karibu psi 450. Ikishuka chini ya 280 hivi, imechoka. Silinda zikitofautiana kwa zaidi ya 70, kuna moja inayokuangusha, na unatakiwa ujue ni ipi na kwa nini.

Hapo kwenye "kwa nini" ndipo ninapogombana na mafundi wenzangu. Wengi tumefundishwa kwamba kompresheni ikiwa ndogo unamwaga kijiko cha oili kwenye silinda na kupima tena. Ikipanda, ringi zimekwisha, isipopanda, ni vavu. Kwa injini ya petroli, sawa. Kwa dizeli ya aina hii, fanya hesabu. 3L ina cc 2,779, yaani kila silinda ni cc 695. Mgandamizo wake ni karibu 22 kwa 1, kwa hiyo pistoni ikifika juu nafasi inayobaki ni kama cc 33 tu. Ukitia kijiko cha chai cha oili, cc 5, nafasi inabaki 28, na mgandamizo umeruka hadi karibu 26 kwa 1. Geji itapanda hata kama umefungua injini mpya kutoka kwenye kasha! Fundi anapiga mluzi, "Umeona? Ringi hizo." Hajaona chochote. Amepima oili yake mwenyewe.

Ninachofanya ni kupeleka pistoni juu kabisa, vavu zote zikiwa zimefunga, nakaza krenki isizunguke, halafu naingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la hita plagi na kusikiliza. Hewa ikitokea kwenye mfuniko wa oili, inapita ringi au silinda. Ikitokea kwenye ekzosi, vavu ya ekzosi haikai. Ikirudi kwenye ea klina, ni vavu ya kuingizia. Yakitoka mapovu kwenye rejeta, gasketi au hedi. Ni kazi ya asubuhi moja na haihitaji kushusha injini.

Lakini angalia nilivyosema: ringi *au* silinda. Kwa hewa ya kompresa siwezi kuzitenganisha. Lazima hedi itoke, na hapo ndipo kile kiboksi kinaponikera.

Silinda ya 3L ina kipenyo cha milimita 96 ilipotoka kiwandani. Hailiki sawasawa. Inalika zaidi juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, kwa sababu pale joto ni kali, msukumo ni mkubwa na oili ni kidogo. Na inalika zaidi ubavuni kuliko mbele na nyuma, kwa kuwa koni rodi inaisukuma pistoni upande. Tundu lililokuwa duara linakuwa na umbo la yai, na juu linakuwa pana kuliko chini. Juu kabisa, ambako ringi haifiki, kunabaki ukingo wa kipimo cha zamani. Pitisha ukucha kutoka chini kwenda juu; ukikwama, umeshaupata.

Sasa chukua hiyo ringi yako orijino. Itie kwenye silinda peke yake, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae mraba, ishushe hadi chini ambako silinda haijaliwa sana, upime mwanya kati ya ncha zake mbili kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia). Tuseme umepata milimita 0.40, mwanya mzuri tu. Ivute sasa ije juu, chini kidogo ya ule ukingo, upime tena. Kama silinda imelika milimita 0.20 kwenye kipenyo, mwanya hauongezeki 0.20. Unaongezeka 0.20 mara 3.14, kwa sababu ringi inazunguka mduara mzima. Hiyo ni 0.63. Ringi uliyoinunua jana ina mwanya wa milimita moja na zaidi, na hujaiwasha bado.

Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, ringi hiyo inatanuka na kubanwa mara 50 kila sekunde kufuata upana wa silinda. Inacheza kwenye mfereji wake mpaka mfereji wenyewe unapanuka. Na kwa kuwa ringi ni duara na tundu si duara, inabana upande mmoja na kuacha upenyo upande mwingine. Ringi ya zamani ilikuwa na afadhali kwa hilo: imezeeka pamoja na silinda, imeshazoeana na umbo lake. Mpya haijui kitu. Tena ina kona kali, na ile ya zamani ilikuwa imeviringika kona. Kona kali ikikutana na ule ukingo wa juu unasikia mgongano, na baadaye unaokota vipande vya pistoni.

Ndiyo maana nataka tarakimu. Kila silinda naipima juu, katikati na chini, kila mahali kwa pande mbili. Silinda nne, vipimo 24, vyote kwenye karatasi, bloku likiwa baridi. Kikomo cha Toyota cha kulika ni milimita 0.20, ikizidi hapo hata silinda moja, zote nne zinachongwa ziwe pana zaidi, si ile moja tu. Pistoni kubwa zaidi kwa 0.50 zinunuliwe *kwanza*, zipelekwe kwa mchongaji pamoja na bloku, azipime na kuchonga kila tundu kwa pistoni yake. Watu wanachonga kwanza, pistoni zinafuata wiki mbili baadaye, halafu wanashangaa injini inagonga.

Hapa niseme jambo ambalo kitabu hakilisemi. Kikomo ni 0.20, kwa hiyo 0.17 ni halali, unaweza kuhoni (kusugua silinda kwa mawe) na kuweka ringi. Mimi 0.17 inaninyima usingizi. Kwa mzee anayekwenda kanisani Nyakahoja Jumapili na sokoni Jumanne, nitafunga na nitalala. Kwa kijana anayebeba tani moja na nusu kwenye gari ya tani moja, akipanda na kushuka njia ya Geita, namwambia achonge tu, na hapo naonekana natafuta pesa. Mafundi ninaowaheshimu hawakubaliani nami, na siwezi kuwathibitishia kwamba wamekosea.

Na ukweli mwingine usionifurahisha: zipo pikapu zilizofungwa ringi tu kwenye silinda zilizopita kipimo, na mpaka leo zinapita Pasiansi zikipiga honi. Imani hii ya kubadilisha ringi tu haikutoka hewani. Ila kumbuka kilichofanyika siku ile. Hedi ilishushwa, vavu zikasagwa, sili za vavu zikabadilishwa, gasketi ikawekwa mpya, oili mpya ikaingia. Nusu ya moshi iliondokea huko juu. Sifa zote zikapewa ringi.

Kuna injini ambazo kweli zinahitaji ringi tu: silinda iko ndani ya kipimo, ringi zimeganda kwa kaboni au moja imevunjika. Hizo nazifunga kwa furaha. Lakini nazijua baada ya kupima, si kwa kutazama ekzosi.

Kuhoni sasa. Silinda iliyong'aa kama kioo haishiki oili, na ringi mpya haikai juu yake. Inatakiwa michoro inayokatana kwa mshazari, iliyochorwa kwa mawe ya kuhoni, si msasa uliozungushiwa fimbo ya ufagio (ndiyo, nimeona). Halafu kuosha. Watu wanaosha kwa petroli au dizeli, wanapuliza kwa hewa, wanafunga. Petroli inaondoa mafuta na kuacha unga wa jiwe ndani ya michoro, na unga huo ndio dawa ya kusagia injini yako mpya. Maji ya moto, sabuni ya unga na brashi. Kausha, paka oili, futa kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka kijivu, rudia. Hatufungi mpaka kitoke cheupe.

Mengine nayapita. Krenki ipimwe, ikihitaji kuchongwa ichongwe na beringi zifuate kipimo chake. Alama kwenye ringi itazame juu. Gasketi ya hedi ya injini hizi ina unene wa aina tatu, B, D na F, na unachagua kwa kupima pistoni zinavyochomoza juu ya bloku. Usimwambie muuza duka "nipe ya 3L" halafu ukaondoka. Mkanda wa taimingi uwe mpya, hata kama wa zamani "bado uko vizuri".

Ila themostati sitaipita. Nikifungua injini iliyolika mapema, mara nyingi nyumba ya themostati ni tupu. "Fundi mwingine aliitoa, alisema nchi yetu ya joto." Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji ya wazi hapa yanachemka kwenye nyuzi kama 96, si 100. Kinachoyazuia yasichemke mapema ni mfuniko wa rejeta wenye springi nzima, ambao unayapeleka zaidi ya 110. Mfuniko huo ndio unaouzwa bei ndogo kuliko vyote na ndio wa mwisho kubadilishwa. Themostati haichemshi gari isipokuwa imekwama. Ukiitoa, injini inatembea baridi, dizeli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda, na kuta zinaliwa. Umekwepa kuchemsha, umenunua ovaholi.

Baada ya kufunga, wateja wengi wanaambiwa waiache ikinguruma pale pale saa nzima "ili izoee". Silencer inapata moto, ringi hazipati kazi. Ringi inakaa kwa kusukumwa na msukumo wa moto, kwa hiyo nikishahakikisha presha ya oili ipo na hakuna kinachovuja, naitoa barabarani kuelekea Misungwi, bila mzigo mkubwa, nakanyaga na kuachia, nakanyaga na kuachia. Wapo wanaosema nakanyaga mapema mno, kwamba kilomita za kwanza ziwe za taratibu kabisa. Nimefanya kwa njia zote mbili, na silinda iliyochongwa vizuri imenivumilia kwa zote mbili. Oili ya kwanza naimwaga mapema, na filta yake naikata kuona imebeba nini.

La mwisho ni mpira unaotoka ea klina kwenda kwenye manifodi. Vumbi la barabara za Sengerema na Kwimba ni mchanga, na mchanga ukiingia kwenye silinda unaila kuanzia juu. Mara nyingi mpira huo naukuta umepasuka kwenye mkunjo wa chini, mahali pasipoonekana, au umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Hapo sibandiki gundi. Mpira mpya unaingia kwenye bili, na mteja akiukata kwenye bili, ananiandikia kwa mkono wake kwamba ameukata.