Kuvuta sikio si ushahidi

"Daktari, anavuta sikio." Naletewa mtoto kwa sababu hiyo karibu kila siku, na mara nyingi nikichungulia nakuta sikio zima kabisa. Watoto hushika masikio wakisinzia, wakiota meno, au kwa kuwa tu wamegundua kwamba wanayo.

Kinachonishtua, nikashuku maambukizi ya sikio, ni habari za usiku. Mafua ya siku tatu nne, kisha homa; akilazwa analia, akibebwa wima anatulia kidogo; ananyonya mafunda mawili, anaachia titi na kupiga kelele, maana kumeza kunatonesha sikio.

Mrija unaounganisha sikio la kati, yaani chumba kilicho nyuma ya ngoma ya sikio, na nyuma ya pua ni mfupi kwa mtoto, tena umelala. Mafua yakiuvimbisha, majimaji hukwama na vijidudu huzaliana humo, hasa kati ya miezi 6 na miaka 2. Maji ya kuoga hayahusiki: yanaishia nje ya ngoma.

Kwa otoskopu, kifaa chenye taa cha kuchungulia sikioni, wekundu peke yake haunitoshi. Mtoto akilia sana, hata ngoma isiyo na ugonjwa huwa nyekundu. Natafuta kutuna. Ngoma yenye afya ni ya kijivu na inapitisha mwanga. Yenye usaha nyuma yake imefura kuja upande wangu, ina umanjano uliofifia, haipitishi kitu.

Tiba huanza na maumivu: parasetamoli, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6. Aspirini asipewe. Antibiotiki si ya kila mtoto. Aliyevuka miaka 2, anayeumwa sikio moja bila homa kali, tunaweza kumwangalia siku 2 hadi 3, na wengi hupona wenyewe. Wa chini ya miezi 6, anayeumwa yote mawili kabla ya miaka 2, au anayetoka usaha, namwandikia amoksilini, na dozi imalizwe hata akichangamka kesho yake.

Ngoma ikitoboka maumivu hukatika ghafla, na wazazi hudhani amepona. Bado mleteni. Usaha ufyonzwe kwa utambi wa kitambaa safi, si kijiti cha pamba, na msitie mafuta. Usaha ukizidi wiki 2, tiba inabadilika, tunaingia kwenye dawa ya matone ya sikioni. Uvimbe nyuma ya sikio unaolisukuma mbele hausubiri asubuhi.

Baada ya kupona, majimaji yanaweza kubaki hadi miezi 3. Ukimwita mara tatu bila kuitika, usimchape kwanza. Mlete nimpime usikivu.