Kwa wanaonitajia Olisadebe

Wiki hii ni mzazi wa tatu: "Mwanangu akipata paspoti tu, si anaitwa timu ya taifa? Mbona Olisadebe aliitwa?" Kazi yangu ni karatasi za wachezaji, na jina hilo limeshanichosha.

Aliitwa, sikatai. Emmanuel Olisadebe, mzaliwa wa Warri, Nigeria, alijiunga na Polonia Warszawa, klabu ya Poland, mwaka 1997. Julai 2000 Rais Kwaśniewski akampa uraia wa Poland. Agosti 16 yuko Bucharest dhidi ya Romania, na bao akafunga. Septemba, Kyiv, akaipachika Ukraine mawili. Mechi za kufuzu zilipokwisha ana mabao 8, na Poland inakwenda Kombe la Dunia la 2002 baada ya kulikosa tangu 1986.

Ila huo ulikuwa mwaka 2000. FIFA ilibana mlango 2004, Qatar ilipowamezea mate Wabrazili wasio na uhusiano wowote na nchi hiyo. Tangu hapo, kama hukuzaliwa huko, wala mzazi, babu au bibi yako, lazima uwe umeishi huko: kwanza ilikuwa miaka miwili, na tangu 2008 ni mitano baada ya kutimiza 18. Sasa mpimeni huyo Olisadebe wenu. Alifika Warszawa akiwa na miaka 18, Januari 2001 akahamia Panathinaikos ya Ugiriki. Hata minne haifiki! Kwa kanuni ya leo, yale mabao 8 hayapo.

Aliyehamia kabla ya kutimiza miaka 10 ana nafuu: tangu 2020 anadaiwa mitatu tu. Wa kati ya 10 na 18 ni mitano, na athibitishe kuwa hakuhamia kwa ajili ya timu ya taifa. Kwa hiyo, jamani, paspoti iliyoisha muda msiitupe. Mihuri yake, mikataba ya kila msimu, risiti za kodi ya nyumba, vyote kwenye faili moja: ndio ushahidi wa miaka aliyoishi huko.

Wengine huniambia: "Ukicheza mechi ya kirafiki, nchi hiyo imekufunga, huwezi kuhama." Haikufungi. Mshambuliaji Diego Costa aliichezea Brazil mbili Machi 2013, na Kombe la Dunia la 2014 alikuwa na Hispania.

Au: "Olisadebe alififia kwa sababu moyo haukuwa Poland." Alifunga mabao 11 katika mechi 25, moja likiwa dhidi ya Marekani kwenye Kombe la Dunia lenyewe. Kilichommaliza ni majeraha.