Kwanini stika ya maji inaota ukungu mweupe ikishakauka? (Na hapana, sio chumvi)

Stika ya maji ni ile unayoprinti mwenyewe kwenye karatasi maalum, unaikata, unailoweka kama dakika moja, alafu picha inateleza yenyewe kutoka kwenye karatasi na unaihamishia kwenye kitu chako. Wanaounda ndege za mfano za plastiki wanazitumia toka zamani, na yale maua ya dhahabu kwenye cherehani kuukuu za Singer nayo ni ya kuhamishwa hivyo hivyo, hayakuchorwa kwa mkono. Mimi nazitumia kwenye maboksi ya amplifaya ninazounda nyumbani, kuandika SAUTI, BESI, WASHA, maana maandishi ya maka peni yanafanya kazi ya mwezi mzima ionekane ya mtoto wa shule.

Boksi langu la kwanza lilikuwa la aluminiamu, nikalipiga rangi nyeusi ile isiyong'aa. Usiku nikabandika stika, zikiwa bado mbichi zilipendeza kama zimetoka kiwandani, nikalala kwa raha zangu. Asubuhi kila neno limezungukwa na kibox cha weupe, kama mtu amepumulia kioo.

Sikuhitaji kuuliza, nilishajua: chumvi. Mtu yeyote wa Dar anayetumia maji ya kisima anajua birika lake lilivyo kwa ndani. Kwahiyo boksi la pili nikanunua maji ya chupa, yaani naloweka karatasi kwenye maji ya kunywa huku nikijiona mtaalam. Asubuhi weupe ule ule. Basi nikahamia kwenye gundi, nikasema itakuwa ni gundi imekauka chini yake, boksi la tatu nikaziosha stika mpaka gundi yote ikaisha. Weupe ukabaki palepale na juu ya hapo stika zikaanza kubanduka pembeni. Maana gundi ile, ambayo kawaida ni dekstrini, kitu kinachotokana na wanga, ndiyo inayoyeyuka ili stika iteleze, na ile kidogo inayobaki chini ndiyo inasaidia ishike. Mimi nilikuwa namfukuza shahidi.

Aliyenitoa ujinga ni fundi rangi wa magari mtaa wa Gerezani, hapa Dar. Nikampa shikamoo, akaitikia, akashika boksi, akachovya kidole kwenye ndoo na kugusa ukingo wa stika. Maji yakapenya chini taratibu na weupe ukawa unakimbia mbele ya maji, nyuma yake panarudi peusi. "Hiyo hewa, dogo. Umebandika juu ya msasa."

Twende taratibu hapo, maana ndio utamu wenyewe ulipo.

Chukua sukari. Punje moja ukiitazama karibu ni angavu kama kioo, lakini kijiko kizima ni cheupe. Povu la sabuni hivyo hivyo, maji hayana rangi, hewa haina rangi, vikichanganyika unapata kitu cheupe pe. Sababu ni kwamba mwanga ukivuka mpaka kati ya hewa na kitu kingine, sehemu yake inarudishwa, na mipaka ikiwa mingi na imekaa hovyo hovyo, mwanga unasambazwa kila upande na jicho linaona weupe. Ila sio kila mpaka unarudisha sawa. Kinachoangaliwa ni tofauti ya kipimo cha kupinda mwanga: hewa ni 1.0, maji 1.33, plastiki na rangi nyingi ziko kwenye 1.5. Kati ya hewa na plastiki inarudi kama asilimia 4 ya mwanga unaoingia wima, kati ya maji na plastiki haifiki hata nusu asilimia. Tofauti ya mara kumi, na unaiona kwa macho bila kipimo chochote!

Sasa rangi isiyong'aa haing'ai kwasababu uso wake ni vilima na mabonde madogo sana. Stika ni ngozi nyembamba ya plastiki. Kuibandika juu yake ni kama kutandika nailoni juu ya kokoto, inashika kwenye vichwa vya mawe tu, huko chini kumebaki mapango. Ikiwa mbichi mapango yamejaa maji, mwanga unapita, unaona weusi wa rangi na unajisifia. Usiku maji yanakauka, hewa inachukua nafasi yake. Ndiyo maana tatizo linakuja ukiwa umelala, na ndiyo maana unaanza kulaumu maji, kwasababu ni kweli maji yameondoka na weupe umekuja. Kwenye boksi jeupe kitu hicho hicho kipo ila hukioni, kwenye jeusi hata asilimia 4 ni kelele.

Dawa ni kufukia mabonde kabla. Unapuliza klia (vanishi isiyo na rangi) inayong'aa juu ya rangi, tabaka nyembamba mbili tatu, unaacha ikauke kabisa (unyevu wa Dar hauna haraka na wewe, mi naiacha mpaka kesho yake), ndo unabandika, yaani sasa unatandika nailoni juu ya tailizi. Ikishakauka unapuliza klia tena juu. Kama moyo wako uko kwenye boksi lisilong'aa, hiyo ya mwisho iwe klia isiyong'aa. Hapa ndo watu wengi wanashtuka, na mimi nilishtuka, kung'arisha kitu ili baadae ukifubaze.

Chumvi nayo isionewe kabisa, maji ya kisima yanaacha alama kweli, ila zinakaa juu ya stika na ukipangusa kwa kitambaa kibichi zinatoka. Weupe wa hewa haupanguswi. Siki ya jikoni watu wanaisifia kwamba inalainisha stika ili ilale vizuri, kwangu imesaidia kwenye kona, kwenye uso wa kokoto haikufanya kitu.

Mambo ya printa nayapitia haraka. Ya tona (leza) wino wake ni plastiki iliyoyeyushwa kwa moto, hauogopi maji. Ya wino wa maji lazima upulizie klia juu ya karatasi kabla ya kuloweka, la sivyo unabaki na beseni la rangi, na karatasi zake usiziingize kwenye printa ya tona kwasababu joto linaweza kuziyeyushia humo ndani. Alafu printa ya kawaida haina wino mweupe. Maandishi meupe kwenye boksi jeusi maana yake unanunua karatasi yenye ngozi nyeupe, unaprinti weusi kuzunguka herufi, na herufi zenyewe unaziacha bila wino.

Lile boksi la kwanza bado ninalo. Nimezitoboa toboa stika zake na ncha ya sindano palipo na weupe na kudondoshea klia ya maji maji ipenye chini, SAUTI na WASHA zimepona kabisa. BESI bado ina ukungu kwenye herufi ya mwisho.