Je, wajua? Ukuta wa udongo hauzuii joto, hulichelewesha

Kwihara, kilometa chache kutoka Tabora mjini, lipo tembe, yaani nyumba ya kuta nene za udongo na paa tambarare la udongo, alimokaa mmisionari na mpelelezi David Livingstone mwaka 1872. Mwandishi wa habari Henry Stanley alimwacha hapo mwezi Machi akashika njia ya pwani, na mzee akabaki akisubiri wapagazi hadi mwishoni mwa Agosti, alipoanza safari ambayo hakurudi. Siku hizi ni makumbusho. Ukiingia mchana wa kiangazi, mwili unakuambia jambo kabla macho hayajasoma bango lolote: nje jua linachoma utosi, ndani pamepoa.

Kwa nini? Karibu kila mtu ana jibu, nalo ni kwamba udongo unazuia joto. Utalisikia kwa fundi, kwa mwalimu wa jiografia, kwa bibi aliyezaliwa kwenye nyumba ya fito, na wote watalisema bila kusitasita kwa sababu wameishi ndani ya ushahidi wenyewe. Ubaridi upo kweli. Kilichokosewa ni sababu, na kosa hilo lina gharama, maana linawafanya watu wajenge ukuta mzuri kisha waulaumu kwa makosa ya paa.

Vitu vinavyozuia joto kwelikweli ni vyepesi: nyasi kavu, pamba, manyoya, yale maboksi meupe ya povu yanayobebea samaki wenye barafu. Vyote vimefungia hewa ndani yake, na hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana. Udongo haumo katika ukoo huo. Ukilinganisha unene uleule, udongo mkavu hupitisha joto karibu mara kumi kuliko nyasi, na mara kumi na tano hivi au zaidi kuliko povu. Maana yake ni kwamba ukuta wa udongo wa sentimita 30, ambao watu wamechimba, wamekanyaga na kukandika kwa wiki kadhaa, unazuia joto kwa kiasi kilekile cha povu la sentimita mbili. Hakuna mchuuzi wa samaki aliyewahi kufikiria kusafirisha barafu kwenye kasha la udongo, na uzito si sababu pekee.

Basi ukuta unafanya kazi gani? Chukua ndoo sita uzipange mstari kwenye uwanja tambarare. Kila ndoo iunganishe na jirani yake kwa kimrija kilichopita karibu na kitako. Ndoo ya kwanza iko upande wa jua, ya sita iko upande wa kitanda chako. Maji ndiyo joto, na kimo cha maji ndani ya ndoo ndizo nyuzi zinazosomwa kwenye kipimajoto. Asubuhi fungulia bomba kwenye ndoo ya kwanza. Maji hayaruki hadi ya sita. Ya kwanza lazima ipande ndipo isukume maji kwenda ya pili, ya pili nayo ipande ndipo igawie ya tatu. Saa saba mchana ya kwanza imekaribia kujaa, ya tatu imelowa kitako, ya sita haina habari kama kuna bomba.

Jioni funga bomba, kisha anza kuchota maji kutoka ndoo ileile ya kwanza. Huo ndio usiku, uso wa nje wa ukuta unapopoa kwa upepo na kwa anga isiyo na mawingu. Hapa ndipo mambo yanapopendeza. Maji yaliyokwisha kufika ndoo ya pili na ya tatu, yakikuta ya kwanza imeshuka, hugeuka na kurudi nje. Sehemu kubwa ya joto lililoingia ukutani mchana haifiki chumbani kabisa. Lilikuwa njiani, usiku ukalikuta, likarudi lilikotoka. Kinachofika kwenye ndoo ya sita ni wimbi dogo, tena limechelewa.

Kwa mfano huu kila kifaa cha ujenzi kina vipimo viwili: wembamba wa mrija na upana wa ndoo. Nyasi zina mrija mwembamba mno na ndoo ndogo kama kikombe. Udongo una mrija wa kawaida tu, lakini ndoo yake ni pipa: mita moja ya ujazo ya ukuta huo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi, na uzito wote huo hudai kupashwa moto kabla ya chochote kupita. Bati lina mrija mpana kupindukia na halina ndoo hata kidogo.

Ndiyo maana ukuta wa udongo unahitaji usiku. Usiku usipopoa, hakuna anayechota, ndoo zinajaa moja baada ya nyingine, na baada ya siku kadhaa ukuta mnene huwa umejaa joto kama ulivyo mwembamba. Tabora ina bahati. Mji uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, mbali na maji makubwa, na wakati wa kiangazi anga huwa wazi. Mchana ni mkali na usiku unashuka sana. Julai mtu hutafuta blanketi. Tofauti hiyo kati ya mchana na usiku ndiyo inayoufanya ukuta uonekane na akili.

Kwa udongo mkavu, kilele cha joto la mchana hupenya ukutani kwa mwendo wa sentimita tatu hivi kwa saa, na kila sentimita 11 zinazopita, kupanda na kushuka kwa nyuzi hubaki kama theluthi ya kulivyokuwa. Kwenye ukuta wa sentimita 30, joto la saa tisa alasiri hutokeza upande wa ndani mnamo saa saba usiku, likiwa limenyauka. Haya ni makadirio: ukuta ulionyonya mvua au wenye nyufa hufuata hesabu nyingine. Lakini hata makadirio yanaeleza kwa nini nyumba ileile husifiwa Julai kwa kuwa na vuguvugu usiku, na Oktoba hulaumiwa kwa kosa hilohilo, watu wakitoa mikeka nje.

Ukuta wa tofali za saruji za inchi sita una hadithi mbaya zaidi kidogo. Saruji ni nzito, ndoo ni kubwa, ila mrija ni mpana na ukuta ni mwembamba, kwa hiyo joto huchelewa kama saa nne. La saa tisa alasiri linatokeza saa moja usiku, familia inapoingia ndani kula. Fundi anayemshauri mteja alaze tofali badala ya kuisimamisha huenda hajawahi kusikia habari za mawimbi ya joto, lakini anaongeza ndoo kwenye mstari. Mteja analalamika kuhusu idadi ya tofali, naye ana haki.

Ndani ya kosa la kwanza limejificha la pili. Tunadhani kinachotuambia kama chumba kimepoa ni hewa yake. Hewa ina sehemu yake, lakini mwili hutoa mionzi ya joto muda wote na kupokea ile ya vitu vilivyouzunguka, hata visivyogusana nao. Ngozi iko kwenye nyuzi 33 hivi. Ukikaa katikati ya kuta za nyuzi 25, unazipa joto kuliko unavyopokea, na unahisi kana kwamba ukuta unakupulizia ubaridi, ingawa hakuna kinachopulizwa. Vyumba viwili vinaweza kuonyesha nyuzi 28 sawasawa kwenye kipimajoto, kimoja ukasinzia na kingine ukavua shati. Watu wanaosema nyumba fulani "ina hewa nzuri" mara nyingi wanasifia kuta zake bila kujua.

Sasa inua macho. Tabora na Kigoma ziko karibu nyuzi tano kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba. Machi kuna mawingu ya masika. Oktoba hakuna, na ndiyo maana mwezi huo una sifa mbaya. Kwa jua la namna hiyo, kuta za kaskazini na kusini hupigwa kidogo, za mashariki na magharibi hupigwa asubuhi na jioni, na paa hupigwa siku nzima. Paa ndilo mlango mkuu wa joto. Na paa la siku hizi ni bati la unene usiofika nusu milimita, ambalo jua kali linaweza kulifikisha zaidi ya nyuzi 60. Aliyekaa chini yake bila dari ana kitu cha moto kinachomwangalia kichwani kutwa nzima, hata kama kuta zake ni nene kama za boma la Wajerumani. Mtu huyo akisema "nyumba za tofali zina joto," anashtaki asiyehusika.

Wajenzi wa zamani wa sehemu hizi walikuwa na majibu mawili yanayopingana, na yote mawili ni sahihi. Tembe liliweka udongo hata juu, paa tambarare lililobebwa na miti, yaani pipa likawekwa palepale jua linapopiga. Msonge wa Wanyamwezi, ile nyumba ya mviringo, ulifanya kinyume: nyasi nene juu, mrija mwembamba, joto lisiingie tangu mwanzo. Paa la udongo lilivuja mvua ikizidi na lilidai ukarabati kila mara. Nyasi zilishika moto na kukaribisha wadudu. Bati lilishinda kwa sababu za maana kabisa, na anayewaambia watu warudi kwenye nyasi mara nyingi hajawahi kuezeka. Dari, hata ya bodi nyepesi, yenye nafasi ya hewa kupita juu yake, huondoa sehemu kubwa ya tatizo, kwa kuwa kinachomwangalia mtu sasa ni bodi, na bati linabaki huko juu na moto wake.

Ukosefu huohuo wa uzito ndio unaofanya bati lipige kelele mvua ikinyesha, hadi mwalimu anaacha kufundisha darasani. Kitu chepesi kilichotandazwa hutikisika kwa urahisi, na kitu kizito hukataa. Ukuta wa tembe unanyamazisha kelele za barabarani kwa uzito uleule unaochelewesha jua.

Madirisha nayo yana sehemu yao. Ya matembe yalikuwa madogo na machache, na kwa kawaida tunaambiwa ni kwa ajili ya usalama. Huenda ni kweli. Lakini dirisha dogo pia huzuia hewa ya saa nane mchana isije kuharibu kazi ya ukuta. Dirisha pana la aluminiamu linaloachwa wazi kutwa, "hewa iingie," huingiza hewa ya nyuzi 32 kwenye chumba ambacho kuta zake zilikuwa bado hazijapokea habari. Utaratibu unaofaa Tabora ni kufunga mchana na kufungua usiku, na hapo mbu wanaingia kwenye mjadala, kwa hiyo wavu ni sehemu ya ujenzi kama ilivyo lenta.

Dirisha dogo huleta pia giza, na wengi wetu tukitoka kwenye mwanga mkali kuingia gizani tunasema tumepoa papo hapo. Je, giza lenyewe linatupoza? Watafiti wamejaribu muda mrefu kuona kama rangi na mwanga hubadilisha hisia ya joto, na matokeo yao hayakubaliani. Lililo na hakika ni kwamba jicho huhitaji dakika kadhaa kuzoea, na zaidi ya robo saa kuzoea giza kwa ukamilifu. Baraza lenye kivuli mbele ya mlango hulipatia jicho kituo cha kupumzika kabla ya chumba, na anayetoka juani moja kwa moja hadi ndani hujikwaa kwanza kwenye kizingiti ndipo aone nyumba.

Je, haya yote yanafaa Kigoma? Kwa kiasi. Mji uko chini zaidi, kandokando ya Ziwa Tanganyika, na ziwa lenyewe ni ndoo ambayo hakuna fundi anayeweza kushindana nayo. Hupokea joto mchana bila kubadilika sana, na usiku halikubali pwani yake ipoe kama Tabora inavyopoa. Pengo la mchana na usiku likiwa jembamba, ukuta mnene hauchotwi vya kutosha, na faida yake inapungua. Ila Kigoma ina kitu ambacho Tabora haina: mchana upepo huwa unatoka ziwani, na usiku hewa huteremka kutoka vilimani. Kwa nyumba ya Ujiji au Kibirizi, madirisha mawili yanayotazamana, moja upande wa ziwa na jingine upande wa mlima, yatafanya kazi kubwa kuliko sentimita kumi za ziada za ukuta.